Kifo Kinachotangazwa Mlangoni: Utangulizi Unafanya Kazi Gani Katika Tanzia?

Niliwahi kusoma Romeo and Juliet pamoja na vijana wa kidato cha tano, na ukurasa wa kwanza haukuisha kabla mmoja wao hajafunga kitabu. Alikuwa amesoma ile mistari kumi na minne ya mwanzo, inayosema kwamba wapenzi wawili wenye nyota mbaya watajiua, na kwamba vifo vyao ndivyo vitakavyozika ugomvi wa wazazi wao. "Mwalimu," akaniuliza, "kama ameshasema watakufa, sisi tunasoma nini tena?" Wenzake wakacheka. Nikamjibu kitu kuhusu uzuri wa lugha, jibu la mwalimu aliyebanwa, tukaendelea.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu langu. Darasani tunafundishwa kwamba taharuki ndiyo inayomshika msomaji, na nyumbani tunagombana na anayetutobolea mwisho wa filamu. Lakini tanzia, yaani tamthilia inayoishia katika msiba, ina mazoea ya zaidi ya miaka 2,400 ya kumsimamisha mtu mbele ya hadhira aseme mapema nani hataiona jioni. Ama watunzi wote hao hawakujua kazi yao, ama sisi hatujaelewa taharuki ni nini.

Kwanza neno lenyewe, maana linatatiza. Tukisema "dibaji" au "utangulizi", akili inakwenda kwenye kitabu: zile kurasa za mwanzo ambamo mwandishi anaeleza kazi ilivyozaliwa, anawashukuru mkewe na mchapishaji, na msomaji anaziruka. Utangulizi wa tanzia hutamkwa jukwaani, na mara nyingi msemaji wake yumo ndani ya mchezo. Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle, katika sura ya 12 ya Poetics, anaupa maana ya vipimo tu: ni sehemu yote ya tanzia iliyo kabla ya korasi, lile kundi la waimbaji, kuingia. Hasemi lazima iwe hotuba, wala hasemi lazima itoboe siri. Kwa kipimo chake, dada wawili wanaonong'ona nje ya jumba la mfalme, kama Antigone na Ismene wa Sophocles, ni utangulizi sawasawa na mungu aliyesimama peke yake akihutubia. Na tamthilia isiyo nao kabisa ipo: The Persians ya Aeschylus, iliyochezwa mwaka 472 KK, inaanza na korasi ikiingia.

Sababu ya kwanza ya kuwa na kitu hiki ni ya kawaida sana. Watu wa Athens walitazama michezo yao mchana, juani, kwenye mteremko wa kilima. Hapakuwa na pazia, wala taa za kuzimwa, wala karatasi ya kueleza nani anacheza nani. Waigizaji wenye maneno walikuwa watatu tu, nao walivaa vinyago. Mtu lazima aseme: hapa ni Thebes, ile ni nyumba ya Atreus, huyu anayekuja ni fulani.

Lakini kama kazi ingekuwa hiyo tu, mistari mitano ingetosha. Tena wengi wa waliokaa pale walivijua visa hivyo tangu utotoni. Kwa nini umweleze mtu jambo analolijua?

Tutazame mfano mmoja kwa karibu. Hippolytus ya mtunzi wa Kigiriki Euripides, mwaka 428 KK. Anatokea Aphrodite, mungu wa mapenzi. Anasema kijana Hippolytus, mwana wa Theseus, ndiye pekee katika mji wa Troezen anayemdharau. Yeye na uwindaji, yeye na Artemis, mungu wa uwindaji, mapenzi hayataki hata kuyasikia. Kwa hiyo leo ataadhibiwa. Phaedra, mama yake wa kambo, ameshatiwa mapenzi ya kijana huyo, naye atakufa, ingawa hana kosa. Aphrodite anakiri wazi kwamba uchungu wa mwanamke huyo haumzuii kulipiza kisasi. Kisha anatazama pembeni, anamwona kijana mwenyewe akirudi kutoka mawindoni na wenzake, wanaimba. Kabla ya kuondoka anasema: hajui kwamba milango ya kuzimu imeshafunguliwa, na kwamba mwanga huu anaouona ndio wa mwisho.

Kijana anaingia na shada la maua mkononi, analiweka kwenye sanamu ya Artemis. Mzee mmoja mtumishi anamshauri kwa adabu: bwana, na yule mwingine pale, Aphrodite, mbona humsalimu? Hippolytus anajibu kwamba yeye ni msafi, huyo humsalimu kwa mbali.

Basi hapo ndipo utangulizi unapofanya kazi yake. Bila maneno ya Aphrodite, hiki ni kibri kidogo cha kijana na ushauri wa mzee, mambo ya kila siku. Baada ya maneno yake, kila herufi ya jibu lile ni msumari kwenye jeneza. Mtazamaji anataka kumwambia, msalimu basi, inakugharimu nini? Hawezi. Amepewa ujuzi akanyimwa uwezo wa kuutumia, na hali hiyo ndiyo anayokaa nayo mpaka mwisho. Walimu wa fasihi huiita kinaya, na ni sawa, ila neno hilo halisemi jinsi inavyouma.

Kwa maoni yangu, basi, utangulizi hugawa ujuzi kwa mafungu yasiyo sawa. Hadhira inapata fungu kubwa, wahusika dogo, na mchezo wote unaishi katika tofauti hiyo. Taharuki haifi, inahama tu mahali: swali la "itakuwaje?" linakwisha, linabaki "atajua lini?" na, zito zaidi, "hivi kweli hakuna njia?" Mtu wa pwani hahitaji Wagiriki kulielewa hili. Kisa cha Fumo Liyongo kinajulikana: atachomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, na mchomaji ni mwanawe wa kumzaa. Anayekisikiliza hajui kidogo kuliko msimulizi. Mtoto anamkaribia baba aliyelala, anaogopa, anarudi nyuma, na msikilizaji anajikuta anaomba woga ule uzidi.

Mhakiki Mjerumani Lessing aliliona jambo hili katika Hamburgische Dramaturgie, makala alizoandika mwaka 1767 hadi 1769. Wahakiki wa zama zake walimlaumu Euripides kwamba anauharibu mchezo kwa kusema yote mwanzoni. Lessing akajibu kwamba mshairi huyo aliiamini sanaa yake kiasi cha kutohitaji kuficha: alitaka kugusa moyo kwa namna jambo linavyotokea, na mshangao wa ghafla aliuona ni bei rahisi. Nakubaliana naye, lakini nina tahadhari moja. Miungu ya Euripides haisemi yote. Katika Bacchae, Dionysus, mungu wa mvinyo, anatangaza mwanzoni kwamba Thebes wakijaribu kuwafukuza wafuasi wake kwa silaha, atawaongoza wanawake hao vitani. Vita hivyo havitokei. Kinachotokea ni kibaya zaidi, mama anamrarua mwanawe kwa mikono yake, na hilo Dionysus hakulisema. Mtazamaji anaingia akidhani ana ramani kamili. Kumbe ramani imechorwa na mwenye kisasi.

Wenzake Euripides hawakumwacha hivi hivi. Mwaka 405 KK, mwaka mmoja tu baada ya kufa kwake, mchekeshaji Aristophanes aliuonyesha mchezo wa The Frogs, ambamo Aeschylus na Euripides wanashindana kuzimu mbele ya Dionysus. Aeschylus anatamba kwamba atazibomoa tangulizi zote za mwenzake kwa kichupa kimoja cha mafuta. Euripides anaanza kwa madaha: Aegyptus, kama hadithi ilivyoenea, pamoja na wanawe hamsini, kwa makasia ya jahazi, alipotua Argos… Aeschylus anadakia: "…akapoteza kichupa chake cha mafuta!" Anajaribu utangulizi mwingine, na mwingine, na mwingine. Kila mara kichupa kinaingia kwenye mstari bila kuharibu mizani wala sarufi.

Ni utani, lakini ndani yake mna uhakiki mkali kuliko makala nyingi za chuo kikuu. Aristophanes anaonyesha kwamba tangulizi za Euripides zina mfupa mmoja: jina, nasaba, safari, kisha tendo. Zilikuwa zimekuwa fomu ya kujaza. Na fomu ya kujaza ndiyo hatari ya utangulizi wowote. Anayehudhuria hafla zetu ameshaisikia, mshereheshaji anapoanza na "itifaki imezingatiwa" na ukumbi mzima unasinzia.

Aeschylus mwenyewe alifanyaje? Yake ninayoipenda kuliko zote ni ya Agamemnon, mwaka 458 KK. Hakuna mungu. Kuna mlinzi juu ya paa, amejilaza kwa viwiko kama mbwa, mwaka mzima sasa anatazama gizani asubiri moto utakaowashwa mlimani kama ishara kwamba Troy imeanguka. Kitanda chake kimelowa umande. Nyota amezijua zote. Akijaribu kuimba ili asilale, anaishia kulia kwa ajili ya nyumba hii, ambayo siku hizi haiendeshwi kama zamani. Ghafla moto unaonekana. Anapiga kelele za furaha, anataka kucheza. Halafu anasita. Mengine, anasema, nanyamaza. Ng'ombe mkubwa ameukanyaga ulimi wangu. Nyumba yenyewe ingekuwa na mdomo ingeyasema waziwazi. Mimi nasema na wanaojua. Kwa wasiojua, nimesahau.

Hesabu alichotuambia: vita vimekwisha, mfalme anarudi. Hesabu alichotupa: hofu. Utangulizi huu unafanya kazi kwa kunyamaza, na bado ujuzi umegawanywa, maana mfalme Agamemnon, atakayekanyaga zulia jekundu baadaye na kuuawa na mkewe, ndiye mtu pekee asiyeisikia harufu ambayo hata mlinzi wa zamu ameisikia.

Warumi niwapitie haraka. Seneca alipenda kufungua na mzimu: Tantalus anatolewa kuzimu kwa nguvu ili ailetee nyumba yake laana, mwanzoni mwa Thyestes. Kutoka kwake Waingereza wa karne ya 16 walirithi mizimu mingi kuliko walivyohitaji. Katika The Spanish Tragedy ya Thomas Kyd, mzimu wa Andrea unaingia na Kisasi mwenyewe, wote wawili wanakaa kuutazama mchezo mpaka mwisho, kama watazamaji waliowahi viti vya mbele.

London ya zama hizo ilikuwa na desturi zake. Msema utangulizi alivaa joho refu jeusi la mahameli, akatoka baada ya baragumu kupigwa mara tatu. Lilikuwa tangazo: kaeni, nyamazeni, tunaanza. Kazi ya kutuliza watu si ndogo, na anayesema "Paukwa!" anaijua, hakuna kinachoelezwa kwenye neno hilo, ila watoto wakijibu "Pakawa!" tayari wamekubali kusikiliza. Shakespeare aliidhihaki desturi hiyo ndani ya Hamlet. Mchezo mdogo unaochezwa humo ili kumnasa mfalme unafunguliwa kwa utangulizi wa mistari mitatu, unaoomba tu uvumilivu wa hadhira, na Hamlet anauliza kama huo ni utangulizi au ni maneno ya kuchorwa kwenye pete.

Sasa turudi kwa yule kijana na kitabu alichokifunga. Mistari kumi na minne ya Romeo and Juliet imepangwa kama shairi la mapenzi, soneti, na hapo mna ujanja wa kwanza: ujumbe wa kifo umevaa nguo za posa. Inataja Verona, uhasama wa koo mbili, kifo cha wapenzi, amani ya wazazi, na muda wa mchezo, saa mbili. Kisha wanaingia watumishi wakitaniana matusi mtaani. Tangu hapo hadhira ina saa mkononi. Padri anapompa Juliet dawa ya usingizi na kuandika barua ya kumweleza Romeo, sisi tunajua barua haitafika. Kinachotutesa ni udogo wa sababu: mjumbe amefungiwa kwenye nyumba inayoshukiwa kuwa na tauni. Ukijua tangu mwanzo kwamba watakufa, unaanza kuzihesabu nafasi za kuokoka, na mchezo huu unazo nyingi mno. Asiyejua mwisho hahesabu, anasubiri tu.

Hilo ndilo jibu ambalo ningempa leo.

Kuna kitu cha kushangaza hapo. Utangulizi huo umo katika chapa ya mwaka 1599, lakini haumo katika juzuu kubwa ya 1623 iliyokusanya tamthilia za Shakespeare. Wasomaji wa juzuu hiyo waliingia Verona bila saa mkononi, na kwa hakika walisoma kisa kingine, angalau kwa mara ya kwanza. Na msidhani kila kinachosemwa na korasi ni dhahabu: kabla ya tendo la pili inarudi na soneti nyingine isiyotuambia lolote ambalo hatujaliona, na mhakiki Mwingereza Samuel Johnson alishasema kwamba faida yake ni ngumu kuipata. Tanzia nyingi za Shakespeare hazina utangulizi hata kidogo. Aliyesoma Juliasi Kaizari ya Mwalimu Nyerere anakumbuka kwamba mchezo unaanza na mafundi barabarani. Lakini muda si mrefu mtabiri anapaza sauti kuhusu tarehe 15 Machi, na katika Macbeth wachawi ndio wanaotangulia kusema. Kazi ya utangulizi imeingizwa ndani ya hadithi, na sasa mhusika naye anasikia tunachokisikia. Anasikia, na bado anakwenda.

Baadaye, hasa Uingereza baada ya mwaka 1660, utangulizi ulijitenga na mchezo ukawa shairi la pembeni la kubembeleza hadhira, kupiga porojo za mji na kusengenya wapinzani. Mshairi Dryden aliwaandikia wenzake wengi. Yanafurahisha, lakini hayahusu tanzia tena.

Fundo lenyewe, kwa nini huyu anasema na yule ananyamaza, linafunguka vizuri zaidi tukiweka tamthilia mbili za kisa kimoja kando kwa kando. Sophocles, katika Oedipus, hatuambii siri mwanzoni. Tunaona mji wenye tauni, kuhani anayelia, na mfalme Oedipus anayeapa kumtafuta muuaji wa Laius, mfalme aliyemtangulia. Oedipus anasema habari za Laius amezisikia tu, kumwona hajapata kumwona. Sentensi hiyo ilitosha kuwatia baridi watu wa Athens, kwa sababu walijua aliyemuua ni Oedipus mwenyewe, na kwamba Laius alikuwa baba yake. Sophocles hakuhitaji Aphrodite. Hadhira ilikuja na utangulizi wake kutoka nyumbani.

Ola Rotimi wa Nijeria alipokihamishia kisa hicho kwa Wayoruba, katika The Gods Are Not to Blame iliyochezwa kwanza mwaka 1968, hakuweza kuutegemea ujuzi huo. Kwa hiyo alifanya kinyume. Utangulizi wake, wenye msimulizi na waigizaji wanaoonyesha bila maneno, unaweka yote mezani: mtoto anazaliwa kwa mfalme Adetusa na malkia Ojuola, mpiga ramli kipofu Baba Fakunle anasema huyu atamuua baba yake na kumwoa mama yake, mtoto anafungwa miguu kwa uzi wa kauri na kupelekwa msituni. Mhakiki mvivu atasema Rotimi ametoboa siri aliyoificha Sophocles. Mimi naona wote wawili wamewaweka watazamaji wao mahali pale pale, hatua moja mbele ya mfalme. Mmoja alikuta watu wameshafika. Mwingine ilibidi awabebe.

Kwa kipimo hicho hicho soma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Kitabuni mna maelezo ya mwandishi kuhusu historia na mhusika wake, lakini hiyo ni dibaji ya msomaji. Jukwaani wanatokea wanawake wawili, Bi Kinjeketile na Bi Kitunda, wanazungumza njaa. Aristotle angesema huo ni utangulizi, na wa kupendeza, ndugu wa ule wa Antigone na Ismene. Hakuna anayetangaza kwamba maji hayatazuia risasi. Nani Tanganyika hakujua? Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa na wazee waliovikumbuka. Kwa hiyo kila neno "maji" linapotamkwa kwa shangwe, ukumbi unasikia bunduki ambazo wanaoshangilia hawajazisikia. Siku Kinjeketile itakapochezwa mbele ya watu wasiojua historia hiyo, nadhani mwongozaji atalazimika kutunga utangulizi, na hapo ndipo tutakapojua ni kazi gani iliyokuwa ikifanywa kimya kimya na kumbukumbu.

Wa mwisho ni Mfaransa, Jean Anouilh. Antigone yake ilionyeshwa Paris mwaka 1944, jiji likiwa bado mikononi mwa Wajerumani. Pazia linafunguka na wahusika wote wapo, wanapiga soga, wengine wanafuma. Anasogea mbele mhusika ambaye jina lake ni hilo hilo, Utangulizi, na anasema watu hawa watawachezea kisa cha Antigone. Anawaonyesha mmoja mmoja, kama mtu anayekutambulisha kwa ndugu sebuleni. Antigone ni yule msichana mwembamba aliyekaa kimya pale. Anawaza kwamba atakufa, na kwamba angependa kuishi. Yule mama anayefuma ni mke wa mfalme Creon. Atafuma mpaka zamu yake ifike ya kuinuka na kwenda kufa. Na wale wanaume watatu wekundu wanaocheza karata ni walinzi. Wananuka kitunguu saumu, ngozi na mvinyo. Wana wake na watoto. Si watu wabaya. Nao watawakamata washtakiwa bila tabu yoyote.

Unatazama mchezo wote ukijua nani atafuma mpaka lini. Kisha Antigone amekufa, mchumba wake Haemon amekufa, mama ameweka chini ufumaji wake, Creon ametoka. Jukwaani wamebaki wale watatu, wanaendelea na karata zao.